Jinsi ya Kutimiza Masharti ya Sheria katika Chuo cha Ufundi Mombasa: Mwongozo Kamili

Chuo cha ufundi kinaweza kuwa na cheti cha usajili kilichotiwa fremu na kutundikwa katika ukuta wa mapokezi, na bado, katika karakana iliyo nyuma ya ukuta huo huo, kikawa kinaendesha mafunzo kinyume cha sheria. Jambo hili huwashangaza wamiliki wengi, kwa kuwa wao huchukulia kibali kuwa ni cha chuo kizima, mithili ya leseni ya duka ambayo mwenye duka akishaipata huuza atakacho. Kibali cha mafunzo hakiko hivyo. Kina mipaka mitatu, nayo ni mahali, kozi na mtu: hutolewa kwa jengo lililokaguliwa, kwa kozi zilizotajwa kwa majina na viwango vyake, na huwategemea wakufunzi ambao kila mmoja wao ana usajili wake mwenyewe. Ukivuka mpaka mmoja tu, cheti kile cha ukutani hakikulindi.

Somo hili lilinifika nikiwa msajili wa wanafunzi katika chuo kidogo upande wa Changamwe, na gharama yake waliilipa wasiostahili kuilipa. Hoteli za Pwani ya Kaskazini zilikuwa zikitafuta mafundi wa viyoyozi na majokofu, nasi tulikuwa tumekwisha kupata ithibati, yaani idhini rasmi ya kufundisha, kwa kozi ya umeme, tukajipa moyo kuwa kozi mpya ingeidhinishwa tu. Tukaandikisha wanagenzi kumi na wanne, tukawafundisha muhula mzima. Ulipofika wakati wa kuwasajili kwa tathmini, kozi yao haikuwamo katika orodha yetu, na hakukuwa na mlango wa kuwapitishia. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na wale kumi na wanne akilini, kwa ajili ya yeyote anayefungua au anayeendesha chuo cha ufundi katika Kaunti ya Mombasa.

Hatua ya kwanza: Zijue mamlaka zinazokuhusu, na kazi ya kila moja

Sheria mama ni Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013, ambayo ni Sheria namba 29 ya mwaka huo. Sheria hiyo iliunda vyombo viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni mamlaka tunayoiita kwa herufi zake TVETA, ambayo husajili na kukagua vyuo, huidhinisha kozi na husajili wakufunzi. Cha pili ni baraza linaloitwa TVET CDACC, ambalo hutayarisha mitaala inayojengwa juu ya umahiri, husimamia tathmini na hutoa vyeti. Kwa hiyo TVETA ndiyo inayokuruhusu kufundisha, na CDACC ndiyo inayompima mwanagenzi na kumpa cheti. Barua ya mmoja haiwezi kusimama badala ya barua ya mwingine.

Juu ya hao kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambayo husimamia ngazi kumi za sifa za kielimu nchini. Ngazi hizo ndizo zinazokuambia kama kozi yako ni ya ufundi wa awali, ya kati au ya diploma, ambayo ni ngazi ya sita. Ikiwa unakusudia kutoa cheti cha bodi ya nchi nyingine, ulizia mapema namna cheti hicho kinavyotambuliwa na KNQA, kwa maana mzazi wa Mikindani hana njia ya kujua kama karatasi yenye nembo ya kupendeza ya ughaibuni itakubaliwa na mwajiri wa hapa.

Kisha kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo inafanya kazi chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na ina kituo chake cha mafunzo hapa Mombasa. NITA ndiyo yenye mitihani ya ufundi ya serikali ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo fundi wa jua kali anaijua vizuri kuliko mtihani mwingine wowote. Ndiyo pia inayosimamia ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, unaolipwa na waajiri. Ukitaka makampuni ya bandarini au ya Shimanzi yakuletee wafanyakazi wao uwafunze, na yaweze kuomba kurejeshewa gharama kutoka katika ushuru huo, itakubidi usajiliwe na NITA kama mtoaji wa mafunzo.

Zipo kozi ambazo zina mwenyewe wa ziada. Mafunzo ya mabaharia yanasimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa kufuata mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, na katika mji wa bandari kama huu kishawishi cha kuongeza kozi ya usalama wa melini ni kikubwa mno. Shule za udereva ziko chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Fundi anayetaka kusajiliwa rasmi kufunga nyaya za umeme hupewa leseni na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA. Kozi za uuguzi, famasia na maabara zina mabaraza na bodi zake, na mimi ningemshauri mwenye chuo kidogo asiziguse kabisa mpaka awe amekaa na baraza husika na kupewa masharti kwa maandishi.

Hatua ya pili: Tengeneza mwili wa kisheria na uchague jengo kwa makini

Sajili kampuni, shirika au jina la biashara kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upate namba ya mlipa kodi ya chuo chenyewe na ufungue akaunti ya benki kwa jina hilo. Jina lililo kwenye cheti cha usajili wa biashara liwe ndilo lililo kwenye mkataba wa kukodi, kwenye kibali cha biashara cha kaunti na kwenye ombi la ithibati, herufi kwa herufi. Nimeona ombi likirudishwa kwa sababu mkataba wa upangaji ulikuwa umeandikwa kwa jina la mmiliki, ilhali mwombaji alikuwa kampuni.

Jengo ndilo linalowakwamisha wengi. Nyumba nyingi zinazokodiwa kwa ajili ya vyuo Kisauni, Majengo na Magongo zilijengwa ziwe za kuishi, na kuzigeuza kuwa mahali pa mafunzo kunahitaji idhini ya mabadiliko ya matumizi kutoka kwa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Muulize mwenye nyumba swali hili kabla ya kulipa amana, wala usiridhike na jibu la mdomo. Katika Mji wa Kale kuna jambo la ziada: eneo hilo linahifadhiwa kama urithi, kwa hiyo kuvunja ukuta wa matumbawe ili upate karakana pana si uamuzi wako na wa mwenye nyumba peke yenu.

Uangalie pia mpaka wa kaunti. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, na ukipita Likoni ukafika Waa umeingia Kwale. Vibali vya biashara, ripoti ya afya ya umma na ukaguzi wa zimamoto hutoka katika kaunti ambamo jengo limo. Chuo kilichokuwa Bamburi kikihamia Mtwapa kwa sababu ya kodi nafuu kimehama kaunti, na muhimu zaidi, kimehama mahali pa ithibati. Hakiwezi kubeba cheti chake kama mtu abebavyo kiti. Hali ni hiyo hiyo kwa tawi jipya: kila tawi huombewa ithibati yake.

Kabla ya kuita mkaguzi yeyote wa elimu, hakikisha umepata ripoti ya afisa wa afya ya umma. Ataangalia vyoo, na kama wavulana na wasichana wana vyao mbalimbali, maji ya kunywa na ya kunawa, hewa na mwanga wa vyumba, na utupaji wa taka. Mombasa, ambako maji ya mfereji hayana uhakika na wengi tunategemea visima au maboza, weka matangi ya kutosha na uhifadhi stakabadhi za maji. Mkaguzi hatakubali maelezo kwamba mfereji ulikauka wiki iliyopita.

Hatua ya tatu: Karakana na usalama wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kosa la karakana halisahihishwi kwa barua. Mwanagenzi anayejifunza kuchomelea vyuma hajui bado hatari iko wapi, na hiyo ndiyo sababu yuko chuoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka usajili mahali pako pa kazi kwa kurugenzi inayohusika, na ukaguzi kamili wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mkaguzi aliyeidhinishwa. Ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Ajali ikisababisha kifo, taarifa hutolewa kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku saba. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007 zinadai zoezi la kukimbia moto angalau mara moja kwa mwaka. Sharti hili ni rahisi sana kulitimiza, na bado vyuo vingi havina hata ukurasa mmoja wa kuthibitisha kwamba zoezi lilifanyika. Andika tarehe, saa king'ora kilipopigwa, muda uliochukua watu wote kutoka na idadi yao, kisha mwenye kuongoza zoezi atie sahihi.

Hewa ya bahari hula chuma. Mtungi wa kuzima moto uliotundikwa nje katika chuo cha Tudor au Nyali hushika kutu katika kitako na kwenye kishikio kwa kasi ambayo mtu wa bara hawezi kuisadiki, na mtungi wenye kutu hautegemewi hata kama kibandiko chake cha ukaguzi hakijapita tarehe. Uweke ndani au ndani ya kasha, uupanguse na uukague kila mwezi, na uandike. Vivyo hivyo kwa spana, jiriwa, mashine za kutoboa na nyaya za kuchomelea: weka rejista ya matengenezo ambamo kila kifaa kina namba yake, tarehe kilipotiwa mafuta au kubadilishwa waya, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Mashine ziwe na vikingio vyake, sakafu iwe na mistari inayotenga njia na eneo la kazi, na gesi ya oksijeni iwekwe mbali na mitungi ya asetilini, yote ikiwa imesimama na kufungwa kwa mnyororo.

Idadi na aina ya vifaa hupimwa kwa kulinganisha na orodha iliyo ndani ya mtaala wa kozi yenyewe. Ichukue orodha hiyo, uichapishe, na mbele ya kila kifaa uandike ulicho nacho, kilipo na namba ya risiti. Penye upungufu, nunua au punguza idadi ya wanagenzi unaoomba kuwafunza. Usiazime vifaa kwa siku ya ukaguzi. Najua desturi hiyo ipo, na nimeona mashine za kushona zikishushwa kutoka tuk-tuk alfajiri ya siku ya mkaguzi. Ni uongo unaomwibia mwanagenzi, kwa sababu mashine zikirudi kwa mwenyewe jioni, yeye atabaki kushona kwa zamu katika mashine mbili mwaka mzima. Na mkaguzi akiomba rejista ya mali pamoja na risiti zake, uongo wenyewe hauishi hata nusu saa.

Hatua ya nne: Wakufunzi na kozi

Kila mkufunzi anapaswa kusajiliwa na kupewa leseni na TVETA kwa jina lake. Anahitaji cheti cha taaluma kilicho juu ya ngazi anayoifundisha, mafunzo ya ualimu wa ufundi, na ujuzi wa kazi yenyewe. Pwani tuna utajiri wa mafundi hodari ambao hawana karatasi: maseremala wa milango, mafundi wa mashine za maboti, wapishi waliokaa jikoni za hoteli miaka ishirini. Usiwaache, na usiwafiche. Njia halali ni kumpeleka fundi katika utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao Kenya imeuwekea sera, au afanye mtihani wa daraja wa NITA. Na wakati anasubiri, awe msaidizi wa karakana chini ya mkufunzi mwenye leseni, huku jina la mwenye leseni likiwa ndilo lililo kwenye ratiba. Ukiandika jina la mtu mwenye leseni ambaye hafiki chuoni, umefanya udanganyifu unaoweza kuwaharibia wote wawili.

Katika jalada la kila mkufunzi weka barua ya ajira, nakala za vyeti zilizolinganishwa na vyeti halisi, leseni, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi wa jinai, na namba zake za kodi na hifadhi ya jamii. Cheti cha mwenendo mwema kina uzito wa pekee kwa sababu baadhi ya wanagenzi wako hawajafika umri wa miaka 18. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 zinawahusu moja kwa moja, na sheria hii ya pili inamtazama kwa ukali zaidi mtu aliye na mamlaka juu ya mwanafunzi. Andika kanuni za maadili kwa Kiswahili chepesi, kila mfanyakazi azitie sahihi, na kila mwanagenzi aambiwe siku ya kwanza ni nani wa kumwendea akisumbuliwa. Nashauri wawe watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke.

Kuhusu kozi, omba zile tu ambazo kwa kila moja una mtaala ulioidhinishwa, mkufunzi mwenye leseni, vifaa na nafasi. Kozi tatu zilizosimama imara ni bora kuliko tisa zilizojazwa kwenye fomu kwa matumaini. Andika pia masharti ya kujiunga kwa kila ngazi kulingana na mtaala, uyafuate bila upendeleo. Mwanagenzi aliyeingizwa ngazi ya diploma bila alama zinazotakiwa atakuja kukwama katika usajili wa tathmini, akiwa amekwisha kulipa karo.

Hatua ya tano: Ombi na ziara ya wakaguzi

Ombi hufanywa kwa njia ya mtandao. Utaambatanisha usajili wa biashara, mkataba wa jengo, ripoti ya afya, muundo wa uongozi, orodha ya wakufunzi na vyeti vyao, orodha ya vifaa, mitaala, na mpango wa chuo kwa miaka ijayo. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen kwa namba ya malipo 222222. Anayekuomba utume pesa kwenye simu yake ili jalada lako lisogee, usimtumie, hata kama amekutajia majina ya wakubwa.

Kabla ya ziara, fanya ukaguzi wako mwenyewe. Mwombe mkuu wa chuo kingine aje siku nzima, umpe vigezo vya ukaguzi, umwache azunguke peke yake na kuzungumza na wanagenzi bila wewe kuwepo. Mwanagenzi wa ususi akiulizwa anasoma kitengo gani wiki hii na akashindwa kujibu, hilo ni pengo ambalo hakuna rangi mpya ya ukuta itakayoliziba.

Siku yenyewe, awepo mtu mmoja anayejua kila karatasi ilipo. Wakaguzi wakiuliza jambo usilolijua, waambie utaliangalia na uwaletee, kisha uwaletee kweli. Wakitoa ripoti yenye kasoro, ichukue kama orodha ya kazi: kwa kila kasoro andika utakachofanya, nani atafanya, lini, na ushahidi gani utaonyesha kuwa imefanyika. Ombi likikataliwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya mwaka 2015 vinakulinda katika hilo. Dai sababu hizo kwa adabu, na uzifanyie kazi.

Kipindi hiki cha kusubiri ndicho kilichotuponza sisi. Usitangaze kozi, usipokee karo na usiandikishe mtu kabla ya barua ya idhini kufika mkononi. Kuendesha mafunzo bila kusajiliwa ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2013, na bango la barabarani au picha ya matangazo kwenye simu ni ushahidi unaotosha.

Hatua ya sita: Kituo cha tathmini

Ithibati ya kufundisha haikufanyi uwe kituo cha kutathminia. Ikiwa mitaala yako ni ya CDACC, omba kibali cha kituo cha tathmini kutoka baraza hilo, na ujipange mapema kupata watathmini na mhakiki wa ndani, yaani mtu wa chuo anayekagua kazi ya watathmini hao. Katika mfumo wa umahiri, mwanagenzi hapimwi kwa karatasi ya mwisho wa mwaka peke yake. Hupimwa kitengo kwa kitengo, na kwa kila kitengo panatakiwa jalada la ushahidi lenye kazi alizofanya, picha za kazi hizo, orodha ya mtathmini iliyojazwa na sahihi za wote wawili.

Majalada haya hayatengenezwi wiki moja kabla ya mhakiki wa nje kufika. Mkufunzi aketi na wanagenzi wake kila Alhamisi au siku nyingine iliyopangwa, kwa saa moja, waweke kila kitu mahali pake. Kazi iliyofanywa Machi na kujazwa fomu Novemba hutambulika kwa macho tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, tarehe zilizopangana kama shanga.

Panga pia mafunzo ya kazini mapema. Makampuni ya Shimanzi, gereji za Changamwe na hoteli za Nyali hupokea maombi mengi kutoka chuo kikuu cha ufundi na vyuo vya karibu kwa miezi ile ile. Uwe na makubaliano ya maandishi na kila mwajiri, bima ya ajali kwa mwanagenzi, daftari la kazi la kila siku linalotiwa sahihi na msimamizi, na ratiba ya mkufunzi ya kuwatembelea.

Hatua ya saba: Kumbukumbu

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uendeshaji wa chuo mali yenyewe ni ushahidi wa mafunzo. Rejista ya mahudhurio iandikwe darasani, si ofisini. Iandike hali ilivyo: wanagenzi wa Likoni hucheleweshwa na kivuko, na rejista inayoonyesha kila mtu amefika saa mbili kamili kila siku ya mwaka haisadikiki. Mwezi wa Ramadhani saa za masomo hubadilika, na Ijumaa mchana masomo husimama kwa ajili ya swala. Basi toa ratiba mpya yenye tarehe na sahihi ya mkuu, uonyeshe ni lini saa zilizopungua zitafidiwa. Umeme ukikatika na somo la vitendo likaahirishwa, andika pia siku lilipofidiwa. Mkaguzi hutafuta kama saa zilizo kwenye mtaala zilifundishwa, na maandishi haya ndiyo yatakayomjibu.

Taarifa za wanagenzi zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini taasisi za elimu hazimo katika msamaha huo, hata chuo chenye wafanyakazi wanne. Omba idhini ya maandishi kabla ya kutumia picha ya mwanagenzi katika matangazo, na kwa aliye chini ya miaka 18 idhini itoke kwa mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Orodha ya karo yenye majina na namba za vitambulisho haipaswi kuzungushwa katika kundi la WhatsApp.

Kuhusu wafanyakazi na kodi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mhasibu yeyote anayajua: mikataba ya maandishi kwa wanaoajiriwa miezi mitatu au zaidi, kodi ya mishahara, hifadhi ya jamii, bima ya afya ya asilimia 2.75 ya mshahara wote, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kutoka kwa kila upande, na bima ya ajali kazini.

Hatua ya nane: Baada ya kupata kibali

Tengeneza kalenda moja ya mwaka na uibandike ofisini. Ndani yake ziwemo tarehe za mwisho za ithibati ya chuo, ya kila kozi na ya leseni ya kila mkufunzi, kibali cha biashara cha kaunti, ukaguzi wa usalama, zoezi la moto na mkataba wa jengo. Anza kushughulikia kila moja miezi sita kabla. Mkufunzi akiacha kazi, siku hiyo hiyo fungua orodha ya kozi uone ni ipi iliyobaki bila mwenye leseni. Mtaala ukibadilishwa, linganisha upya vifaa na wakufunzi kabla ya muhula mpya.

Na ukigundua kwamba tayari umevuka mpaka, kama sisi tulivyogundua, usingoje mkaguzi. Simamisha uandikishaji wa kozi hiyo leo. Waite wanagenzi na wazazi wao, uwaambie kwa maneno yasiyo na mafumbo kilichotokea, na uwape kwa maandishi orodha ya vitengo walivyosoma, saa walizohudhuria na karo waliyolipa. Tafuta chuo chenye ithibati ya kozi hiyo, uzungumze nacho wewe mwenyewe kuhusu kuwapokea, kisha uiandikie mamlaka ukieleza ulichofanya. Karo uirudishe, hata kama ni kwa awamu.

Sisi tulichukua miezi saba kuimaliza kazi hiyo. Kwa wale kumi na wanne, kumi na mmoja walipokewa kwingine, na rejista zetu za mahudhurio, ambazo kwa bahati zilikuwa zimeandikwa vizuri, ziliwasaidia wasianze upya. Watatu hawakurudi tena katika fani hiyo. Mmoja wao nilimkuta baadaye akibeba mizigo sokoni Kongowea, akaniuliza kama kozi ile ilikuja kuidhinishwa. Nilimjibu kuwa ndiyo, mwaka uliofuata, na kwamba nafasi yake ya bure ipo. Nikaiandika namba yake siku hiyo hiyo katika daftari la uandikishaji.